Wanaodandia Treni kwa Mbele

Mimi ni mhazini wa ukoo. Sikuiomba kazi hii. Nilipewa kwa sababu niliwahi kushika vitabu vya hesabu bandarini Tanga, na ukoo ukishajua unaweza kujumlisha, hauna budi. Mshahara hakuna. Kuna simu inayolia mpaka saa 7 za usiku. Grupu letu la WhatsApp lina watu wa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, Muscat na Minneapolis, na humo hupita kila kitu: mgonjwa, msiba, harusi, ada ya mtoto yatima, shamba la Pangani lisiloisha mgogoro, na yale maua ya asubuhi yenye dua. Wadogo zangu humo wananiita Dada Mhazini.

Kwa kukaa humo nimewajua watu wa aina mbili wanaojibu kabla ya kusoma. Mmoja hujibu kutoka chini, mwingine hujibu kutoka juu. Lawama zote humwangukia wa chini. Kwa hesabu zangu, wa juu ndiye anayetugharimu zaidi.

Nianze na wa chini. Ukifungua grupu ambalo hujaliingia tangu jana, WhatsApp inakupeleka kwenye meseji ya kwanza ambayo hujaisoma, na juu yake inaweka mstari unaokuonyesha ulipoishia. Lakini pembeni chini, upande wa kulia, kuna kiduara chenye mshale na idadi ya meseji zilizobaki. Ukikigusa mara moja umefika mwisho, na meseji zote za katikati umeziruka. Kidole hukigusa chenyewe, hata hakitumwi. Mtu anasoma tatu za mwisho, kisha anatoa uamuzi. "Kwani harusi lini?" "Nani anaumwa?" "Mimi naona tuahirishe." Wakati huo ukumbi umelipiwa, mgonjwa ametoka, na kadi ziko kwa mchapaji.

Mara nyingi huwa ni kero tu. Siku moja ilikuwa zaidi ya kero. Shangazi yetu alianguka bafuni, akalazwa afanyiwe upasuaji wa nyonga. Grupu zima likawa lake: nani analala naye, nani anatoa damu, pesa zimefika ngapi. Jioni mwanawe mmoja akatuma picha ya mama yake akiwa kitandani, anatabasamu, kashika kikombe cha uji. Chini ya picha ile mjomba akaandika habari nyingine kabisa, kwamba mama mkwe wa jirani yetu wa zamani wa Barabara ya 12 amefariki, mazishi kesho baada ya Adhuhuri. Watu wakajibu kama inavyopasa, Innalillahi wa inna ilayhi rajiun, mmoja baada ya mwingine.

Binamu yetu wa Muscat akafungua simu akitoka kazini. Akagusa mshale. Akakuta Innalillahi zimepangana mpaka skrini imejaa. Akapandisha kidole kidogo, na kitu cha kwanza kilichojaa machoni kikawa ile picha ya shangazi. Meseji ya mjomba ilikuwa mistari miwili iliyobanwa katikati. Jicho lenye haraka haliioni. Hakuuliza mtu. Alimpigia moja kwa moja mtoto mwingine wa shangazi, aliyekuwa njiani kutoka Dar kuja kumwona mama yake. Basi lilikuwa limesimama Segera, kijana kashika hindi la kuchoma, na simu inamwambia: "Pole sana mdogo wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu mama." Alipiga namba za nyumbani mpaka dakika zikamwishia, kila mtu anaongea na mwingine, hapatikani hata mmoja. Shangazi mwenyewe saa hiyo alikuwa analalamika kwamba uji hauna sukari.

Binamu alilaumiwa sana, na alistahili. Lakini nilipoyapitia mazungumzo yale tena usiku nikaona hakuwa peke yake. WhatsApp inakuruhusu kuivuta meseji ya mtu kwa kidole kuelekea kulia, ukaijibu hiyohiyo, na jibu lako likabeba juu yake kipande cha maneno unayoyajibu. Anayesoma akikigusa kipande kile anapelekwa kwenye meseji yenyewe. Lau watu wawili tu kati ya wale waliosema Innalillahi wangefanya hivyo, jina la marehemu lingeonekana. Kila mmoja aliandika akidhani anayesoma atakuwa ametoka alikotoka yeye.

Sasa wa juu. Huyu ni muungwana, haruki kitu. Anaanza pale kwenye mstari na kushuka moja moja. Tatizo ni kwamba anajibu huku anashuka. Ndugu yetu wa Minneapolis ndiye bingwa. Sisi tunapojadili saa 3 usiku, kwake ni mchana na yuko kazini. Akitoka, akiwa ndani ya gari akimsubiri mtoto shuleni, anafungua grupu, na huku kwetu ni usiku wa manane. Meseji ya kwanza: tunahitaji turubai, nani ana namba ya wenye maturubai? Anajibu kwa kutuma namba. Meseji ya tano: turubai limepatikana. Anajibu, "Alhamdulillahi." Ya kumi: jamani turubai lile ni dogo. Anajibu kwa kutuma namba tena. Ya ishirini: basi tumehamia ukumbini. Mpaka afike mwisho ametuma majibu kwa matatizo ambayo yalikwisha kuzikwa, na mtu wa tatu anayeamka alfajiri akiyasoma yale majibu anadhani suala la turubai limefufuka. Analijibu. Siku inaanza upya.

Dawa ya ugonjwa huu iliandikwa zamani, kabla watu wengi wa kwetu hawajaiona kompyuta. Oktoba 1995, Sally Hambridge, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Intel, aliandika mwongozo wa adabu za mtandaoni unaojulikana kwa namba yake, RFC 1855. Ndani yake mtumia barua pepe anashauriwa apitie kwanza vichwa vya barua zote kabla ya kuijibu hata moja, maana aliyeomba msaada huenda kashatuma barua nyingine kusema haihitajiki tena. Kwa wanaojiunga na kundi la majadiliano, unashauri wasome mwezi mmoja hadi miwili kabla ya kuandika chochote. Miezi miwili! Kwetu sisi mtu anaingizwa kwenye grupu saa 4, na saa 4 na dakika mbili ameshatuma tangazo la vitenge.

Ukali ule ulikuwa na historia yake. Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, walibuni mwaka 1979 mtandao wa majadiliano ulioitwa Usenet. Kila Septemba vyuo vilipofunguliwa, wanafunzi wapya walipata njia ya kuingia humo, wakauliza yaleyale yaliyoulizwa mwaka uliopita, wakongwe wakakasirika wiki kadhaa, wageni wakajifunza, pakatulia. Kisha kampuni ya AOL ikawafungulia mlango wateja wake wa majumbani, wageni wakawa wanaingia kila siku ya mwaka, na wakongwe wakaupachika wakati huo, kuanzia Septemba 1993, jina la Septemba isiyokwisha. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Septemba yetu ni kila harusi inapokaribia.

Maana harusi ndipo ilipo hasara yenyewe, ya pesa na ya undugu, na hasara hiyo hupitia kwenye orodha.

Aliyewahi kuwa kwenye kamati ya harusi anaijua orodha. Mhazini anaituma ikiwa na majina machache ya ahadi. Kila anayeahidi anaigandamiza kwa kidole, anainakili yote, anaongeza jina lake chini na kuirudisha. Namba 1, Baba Mkubwa, 200,000, kamaliza. Namba 2, Mama Salma, 100,000, kapunguza 40,000. Namba 3, Vijana wa Chumbageni, kreti 5 za soda. Inakwenda hivyo, inarefuka, na kila mara orodha sahihi ni ya mwisho kutumwa. Uzuri wake ni kwamba kila mtu anaona mwenzake katoa nini, na hiyo aibu kidogo inasaidia mfuko.

Sasa mtu wa juu anaingia. Anashuka taratibu, anakutana na orodha ya saa 2 usiku yenye majina 18. Kwake hiyo ndiyo orodha. Anainakili, anaandika 19 na jina lake, anatuma, anaendelea kushuka. Chini zaidi iko orodha ya saa 4 yenye majina 26, lakini ameshatuma. Orodha yake ndiyo ya mwisho ndani ya grupu, na atakayekuja baada yake ataichukua hiyo na kuongeza namba 20. Watu wanane wamefutika, hakuna aliyewafuta. Katika wanane hao kuna shemeji aliyelipa yote, taslimu, mkononi mwangu, mbele ya watu. Shemeji hatasema kitu kwenye grupu. Atampigia mkewe aliyeko kwenye vikao vya kina mama: "Naona sisi si wa ukoo huu." Na mke atanipigia mimi, naye hataanza na orodha. Ataanza na salamu ndefu ya kutisha.

Nimeona familia zikinuniana mpaka mtoto wa harusi ile anazaliwa, kwa sababu ya kunakili na kubandika. Siku hizi orodha yetu inaandikwa na mkono mmoja tu, wangu. Wengine wanasema ahadi zao, mimi naingiza. Juu kabisa naandika siku na saa kwa herufi kubwa, na orodha mpya ikitoka ile ya zamani naifuta kwa wote. WhatsApp inaruhusu kufuta meseji kwa kila mtu ndani ya siku mbili na ziada kidogo. Orodha mpya naibandika juu ya grupu, ibaki pale anapoiona kila anayeingia.

Watu hufikiri ni tabia ya uvivu au ya Waswahili. Si yetu peke yetu. Tarehe 1 Aprili 2014, redio ya umma ya Marekani, NPR, iliweka Facebook kichwa cha habari kilichouliza kwa nini Wamarekani hawasomi tena. Aliyekifungua alikuta ni mzaha wa Siku ya Wajinga, na ombi kwamba asiseme kitu, akae atazame wengine. Maoni yakamiminika, watu wazima wakitetea kwa hasira kwamba wao wanasoma sana. Mwaka 2017 NRKbeta, ukurasa wa teknolojia wa shirika la utangazaji la Norwei, ulijaribu njia ya mwalimu: kwenye baadhi ya habari, anayetaka kutoa maoni alijibu kwanza maswali matatu kuhusu alichokisoma, la sivyo kisanduku hakifunguki. Nao Twitter, Juni 2020, walianza kumuuliza mtu anayesambaza makala ambayo hajaifungua kama hangependa kuisoma kwanza. Septemba mwaka huohuo wakasema walioulizwa walifungua makala kwa asilimia 40 zaidi. Swali tu, bila kumzuia mtu. Sikutegemea, lakini nimelipenda.

Grupu la ukoo halina mashine ya kuuliza swali hilo. Tena lina sababu zake za kutosoma, ambazo wenye intaneti ya bure kazini hawazijui. Kuna mtu anayenunua bando la usiku kwa sababu ni nafuu. Kwake meseji zote za siku zinaingia kwa mkupuo mmoja, picha hazifunguki, na ukimwambia asome vizuri unamwambia amalize bando. Kuna ambaye simu imejaa, amefuta mazungumzo yote ili apate nafasi ya kupiga picha ya mjukuu. Kuna mama mdogo anayeazima miwani. Kuna wale wanaotuma meseji za sauti za dakika 6, na uamuzi wa kikao uko dakika ya 5 baada ya kukohoa. Hiyo huwezi kuipitia kwa jicho wala kuitafuta kwa neno. Na kuna mgeni. Aliyeingizwa WhatsApp leo, mjadala wa jana kwake haupo mtu asipomtumia, tofauti na mijadala ya wazi kama ya JamiiForums, ambako anayeukuta uzi ukurasa wa 9 anaweza kurudi mpaka kwa mleta uzi. Mgeni wa grupu akiuliza "kuna nini?" hajakosa adabu. Amekosa adabu aliyemwingiza bila kumweleza.

Hapa ndipo ninapoachana na wale wenzangu wanaodhani adabu hii ni ya msomaji tu. Mtu akifika barazani akakuta watu wanazungumza, atatoa salamu, ataketi, atanyamaza. Lakini wenye baraza nao wana wajibu. Mmoja atamgeukia na kumwambia, "Tulikuwa tunaongea habari za shamba." Wanamwona ameingia. Kwenye simu hakuna anayemwona mtu akiingia, kwa hiyo hakuna anayemgeukia, naye anadandia treni kwa mbele. Nikaamua niwe wa kumgeukia. Kila siku yenye mjadala mzito, saa 3 usiku naandika mistari minne: tumeamua nini, nini bado, nani anafanya nini, pesa ziko ngapi. Wale wazee wa Usenet nao waliishia hukohuko. Walipochoka kujibu swali lilelile, waliandika majibu ya maswali ya kila siku mahali pamoja na kuyatuma tena kila baada ya muda.

Kijana aliye na nguvu atasema: kwa nini usiwaambie tu "soma juu"? Tulimwona mmoja akisema. Baba Mkubwa wa Mombasa aliuliza kwenye grupu, "Jamani, mbona sikushirikishwa habari za mahari?" Mahari ilikuwa imezungumzwa siku mbili. Mpwa wangu, mtoto wa kidato cha nne, akamjibu: "Babu, soma juu." Maneno matatu. Grupu likanyamaza kama limekatiwa umeme. Baada ya robo saa Baba Mkubwa akatoka. Kumrudisha kulihitaji simu ya mama, salamu kupitia kwa mkewe, na mtoto kupelekwa kuomba radhi kwa sauti, siyo kwa stika.

Nami, kwa udaku wangu, niliigandamiza ile meseji ya mahari niliyoituma mimi nione nani ameisoma. WhatsApp inakuonyesha ukiangalia taarifa za meseji uliyoituma wewe. Jina la Baba Mkubwa lilikuwepo, ameisoma usiku uleule. Alikuwa anajua kila kitu, mpaka idadi ya mikufu. Alichokuwa anauliza si habari. Alikuwa anauliza kwa nini mahari ya binti ya mdogo wake inasomwa kwenye simu kama bei ya nyanya, badala ya mtu kunyanyua simu na kumwambia. Mpwa wangu alilijibu swali ambalo halikuulizwa, kwa hiyo kwa hakika aliyejibu bila kusoma siku ile ni yeye.

Tangu hapo tuna namna yetu. Mkubwa akiuliza lililokwisha, namvutia meseji yenye jibu na kuandika chini yake: "Shikamoo Baba Mkubwa. Hili tulilizungumza juzi usiku, ujumbe wa mjomba huu hapa. Tunasubiri neno lako." Hilo la mwisho si pambo, neno lake likija, linaingia kwenye muhtasari. Rika langu nawafuata faraghani. Wadogo nawaambia palepale, kwa utani, na wao wananirudishia. Yale mazito, mauti, mahari, kesi ya shamba, hupigwa simu kwanza kwa wakubwa watatu ndipo yaandikwe.

Limebaki moja ambalo sijalipatia jibu. Mtu amesoma yote, juu hadi chini, ameona limekwisha, hana la kuongeza. Anyamaze? Kwa adabu ya mtandao, ndiyo, ananyamaza, ameokoa muda wa watu. Kwa adabu ya ukoo, kunyamaza ni kutokuwepo. Wengi sasa wanaweka kidole gumba chini ya meseji, na kwa orodha ya michango kinatosha kabisa. Lakini mama mdogo mmoja aliwekewa kidole gumba chini ya taarifa ya kifo cha dada yake, na aliyekiweka bado hajaalikwa kwenye arobaini yoyote. Tumependekezewa tuandike kanuni kwenye maelezo ya grupu, pale juu, kila mtu aone. Nimekataa. Maelezo ya grupu letu yanasema mpaka leo kwamba mhazini ni marehemu mjomba wetu mwingine, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona hilo.